Tanzia Isiyo na Msiba

Uvumi ulisema Lila alikufa mwaka 1959, na kila aliyeusema alikuwa na namna yake ya kumuua.

Wa kwanza alimwambia Generosa kwamba Lila aliungua na taa ya jukwaani. Wa pili alisema ni malaria. Wa tatu, mzee aliyekuwa akichagua giligilani dukani Southall, magharibi mwa London, alisema alikunywa sumu kwa ajili ya mwanamume, akataja mpaka rangi ya chupa. Walitofautiana katika kila kitu isipokuwa kimoja: Lila amekufa. Hapo ndipo Generosa aliponasa, uvumi ukawa hautoki kichwani. Alikuwa amefanya kazi ya upelelezi polisi Dar es Salaam miaka kumi na tano kabla ya kumfuata mumewe London, na alikuwa amejifunza kwamba watu wakitofautiana kwa yote na kuafikiana kwa moja, basi mahali fulani kuna karatasi. Mmoja aliisoma, wengine wakasimuliwa.

Shida ni kwamba Lila ndiye aliyekuwa mteja wa wakili aliyempa Generosa kazi hii. Mteja mwenyewe ndivyo alivyosema, kwamba yeye ni Lila.

"Daktari ameandika mambo matatu," Mwende alisema Jumatatu. Mwende alikuwa wakili, Mkenya, mwenye ofisi ya vyumba viwili Croydon, na Generosa alimfanyia uchunguzi mdogo mdogo. "La kwanza, mama alisahau siku ya wiki. Mimi mwenyewe juzi nimekuja ofisini Jumapili, nikashangaa mlango umefungwa. La pili, aliacha jiko likiwaka, mara moja, mwaka mzima. Hayo nayamaliza kwa dakika kumi. Sasa soma la tatu."

Generosa akasoma. Mgonjwa, Bi Pushpa, mjane wa miaka themanini na tisa, tangu afiwe na mumewe anaamini kwamba yeye ni mwigizaji Lila wa Dar es Salaam, aliyefariki zamani. Akioneshwa ushahidi wa kifo hicho hana maelezo.

"Ushahidi gani?"

"Kipande cha gazeti. Anacho Rakesh, mtoto wa ndugu ya marehemu mumewe. Ndiye ameomba mahakama impe kibali cha kumsimamia. Daktari anarudi Ijumaa kumaliza ripoti. Akiandika tena vile, Rakesh anapewa kibali na mama anapelekwa care home, nyumba ya wazee, kabla mwezi haujaisha. Ile nyumba amekaa miaka hamsini, kwisha."

"Rakesh anaitaka nyumba?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe?"

Jumanne asubuhi, nyumbani kwa Bi Pushpa Southall, Rakesh ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mfamasia, mtu wa makamo, na alizungumza Kiingereza kwa sababu Kiswahili alikiacha Kampala akiwa na miaka minne. Alimpa Generosa kandambili za ndani, akamwambia wazi kwamba hana la kuficha, angebaki sebuleni wakati wote.

Bi Pushpa alikuwa ameketi kwenye kiti kigumu, mgongo umenyooka.

"Karibu mwanangu. Kaa upande huu, sikio hili ndilo linalofanya kazi. Wewe mtu wa wapi?"

"Bukoba, Bibi. Lakini nimekulia Dar."

"Dar sehemu gani?"

"Magomeni."

"Aa, mbali," alisema, kama mtu anayeishi Upanga mpaka leo.

Generosa akafungua daftari. Aliuliza kwa utaratibu aliouzoea, mwaka kwanza, mahali, halafu watu.

"Nilianza elfu moja mia tisa hamsini na tatu," Bi Pushpa alisema. "Kabla yangu wasichana wote walikuwa ni fundi saa mmoja."

"Wasichana wote?"

"Kila mchezo. Mchana anatengeneza saa, saa kumi ananyoa masharubu, jioni ni malkia. Watu walimpenda kuliko mimi. Siku yangu ya kwanza wakanung'unika, huyu malkia mbona hana mabega?"

Alikuwa amecheza michezo thelathini na mmoja kwa miaka sita. Michezo yote ilikuwa ya Kigujarati, kwenye kumbi za jumuiya na za shule. Walikwenda Tanga, Unguja na Mombasa, na kwa gari moshi Dodoma na Tabora, mapazia yamekunjwa juu ya mabehewa kama mazulia. Mama yake alimsindikiza kila safari, akakaa pembeni ya jukwaa na kitambaa chake cha kufuma, kuangalia nani anasimama wapi. Mabango yaliandikwa Kumari Lila, yaani Binti Lila. Baba yake na kaka yake walikubali binti acheze, baba hakukubali jina la nyumba yake libandikwe sokoni juu ya mafungu ya vitunguu. Jina Lila alilichagua katibu wa chama chao cha maigizo.

"Na ukaacha kwa nini?"

"Niliolewa. Kampala."

"Ukanyamaza miaka sitini na mitano."

"Baba aliniapisha mbele ya taa ya ibada, mkono juu ya moto, kwamba mume wangu akiwa hai sitasema. Mume wangu amekufa mwaka jana, mwezi wa tatu. Nikamaliza siku kumi na tatu za msiba, nikangoja wageni waondoke, nikasema." Alimgeukia Rakesh. "Yeye akaita daktari."

Rakesh hakuelewa maneno lakini alielewa aliyekusudiwa. "Unaona? Ilianza baada ya msiba," alisema kwa Kiingereza. "Kabla ya hapo hata siku moja. Mimi nauza dawa za wazee, najua inavyoanza."

Bi Pushpa akaomba sanduku lake. Ndani mlikuwa na picha mbili na blauzi ya mahameli ya kijani. Kwenye picha msichana alivaa blauzi ileile, lakini uso ulikuwa umepakwa unga mweupe na macho yamechorwa mpaka karibu na masikio. Angeweza kuwa mtu yeyote. Angeweza kuwa fundi saa.

Generosa aliigeuza blauzi. Ndani ya kola, kwa wino mweusi, palikuwa na alama ndogo: mstari mmoja na nukta mbili.

"Dobi," Bi Pushpa alisema. "Kila nyumba ilikuwa na alama yake, ili asichanganye. Ule wino hautoki, utoboe nguo kwanza."

"Una kitu kingine cha kwa mama yako kilichofuliwa na dobi huyo?"

Ilichukua nusu saa kabatini. Foronya mbili, alizoziingiza kwenye mizigo ya harusi, na kwenye pindo la kila moja mstari mmoja na nukta mbili. Generosa akapiga picha zote tatu kwa simu, rula ikiwa pembeni.

"Hiyo inathibitisha nini?" Rakesh akauliza.

"Kwamba nguo ya Lila ilifuliwa na nguo za nyumba yao. Inathibitisha nyumba. Mtu bado."

"Basi angalia hii." Rakesh alileta mfuko wa plastiki. Kipande cha gazeti kilikuwa na ukubwa wa kadi ya harusi, maandishi ya Kigujarati, mistari mitano ndani ya fremu nyeusi. Ukingo wa chini ulikatwa kwa mkasi, karibu mno na fremu.

"Umekipata wapi?"

"Kwenye bahasha, droo ya marehemu ami yangu. Kilikuwa hivyohivyo."

"Bibi, ulikiona lini mara ya kwanza?"

"Yeye alipokiweka mbele yangu, mwaka jana." Bi Pushpa alikitazama bila kukigusa. "Kinasema Lila amefariki. Sijui nani aliandika. Sijui mume wangu alikitoa wapi. Daktari aliniuliza, nikamwambia sijui. Akaandika."

Generosa alitoka na jambo moja kichwani: mkasi. Mtu anayekata tangazo kwa nia njema huacha ukingo. Anayekata karibu hivi ana mstari asioutaka. Kwenye basi aliandika jina la Rakesh na alama ya kuuliza mbele yake.

Jumatano alikuwa wa tatu kwenye foleni ya maktaba, kabla milango haijafunguliwa. Hakujua Kigujarati, lakini jina la gazeti na tarehe vilikuwa juu ya kipande kwa Kiingereza, na gazeti lenyewe lilikuwa kwenye filamu. Mhudumu alimwekea kwenye mashine. Generosa alizungusha mpaka akaiona fremu nyeusi, halafu akaweka picha ya kipande cha Rakesh pembeni ya kioo, akalinganisha mstari kwa mstari.

Mistari mitano, na mitano. Chini ya fremu, hakuna kilichokatwa. Rakesh hakuondoa kitu, wala ami yake. Generosa alipiga mstari juu ya jina la Rakesh daftarini, akakaa dakika kadhaa akiuangalia ukurasa mzima. Palikuwa na fremu nyeusi nne nyingine, na zote zilikuwa ndefu zaidi.

Alilipia nakala ya ukurasa wote akapanda treni ya Southall, kwa Bhavna, muuza sari mzaliwa wa Nairobi, ambaye ndiye aliyempa Generosa uvumi wa kwanza, ule wa taa ya jukwaani.

"Nisomee zote," Generosa alisema. "Hata zisizotuhusu."

Bhavna alivaa miwani. "Huyu ni mzee wa duka la nafaka. Mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, watoto wake hawa. Rambirambi Jumapili saa tisa, ukumbi wa jumuiya. Huyu mwanamke, mke wa fulani. Wanaume ukumbini, wanawake nyumbani kwa kaka yake. Huyu mtoto mchanga, maskini. Saa kumi, nyumbani. Huyu amefia Bombay, lakini rambirambi ni Dar, wameandika mtaa." Akafika kwenye Lila. "Kumari Lila, mwigizaji wetu mpendwa, ameaga dunia. Jukwaa limebaki giza. Katibu, chama cha maigizo. C. C." Akageuza karatasi, kama inaendelea nyuma.

"Basi?"

"Basi. Hana baba. Hana kaka. Hawakuandika mahali." Bhavna alivua miwani. "Hii si kawaida, dada. Sisi mtu akifa, watu wanakwenda wapi kukaa? Lazima uandike. Hata yule mchanga wamemwandikia."

"Kwetu vilevile. Tangazo likisomwa redioni, mtu hata hajauliza nani, anauliza msiba uko wapi."

"Sasa huyu walimlilia wapi?"

"Ndiyo nataka kumuuliza C. C. Yuko hai?"

"Chaman? Yuko hai sana. Anaishi na binti yake Croydon. Juzi binti kanunua kwangu shali, akarudisha, baba kasema rangi ya wafu." Bhavna alimrudishia nakala. "Dada, ile habari ya taa nilikwambia, mimi nilisikia tu."

"Najua."

Alhamisi saa nne, tramu ilimshusha Generosa karibu na nyumba ya Mzee Chaman. Alikuwa na miaka tisini na miwili, kofia ya sufu ndani ya nyumba, kriketi kwenye televisheni. Binti yake aliweka chai akapanda juu, alikuwa na mkutano wa kazi kwenye kompyuta.

"Umetumwa na mahakama?"

"Na wakili wa Bi Pushpa, mzee."

"Simjui Pushpa."

"Sawa. Nimekuja kuuliza habari za Lila."

"Lila alifariki. Malaria. Tangazo niliandika mimi mwenyewe."

Generosa akaandika. "Alifia hospitali?"

"Nyumbani."

"Mtaa gani?"

"Mama, ni zamani hizo."

"Mwili ulichomwa wapi?"

"Dar palikuwa na mahali pamoja tu pa kuchomea."

"Nani aliwasha moto?"

Chaman alichukua rimoti, akapunguza sauti. Mchezaji alirusha mpira kimyakimya.

"Baba yake alikuwa hai mwaka huo," Generosa alisema. "Kaka yake pia. Kwenu mmoja wao lazima awashe, si ndiyo? Tangazo halisemi. Wewe ulikuwepo."

"Swali gani hilo unamuuliza mtu asubuhi."

"La kawaida tu. Nitaandika jina, niende zangu."

"Andika sikumbuki."

"Umekumbuka malaria, mzee."

Chaman alitazama chai yake. Alikuwa mtu aliyeweza kuandika kifo gazetini, mistari mitano na fremu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye karatasi. Lakini sasa alitakiwa kutaja jina la mtu fulani na kumkabidhi kijinga cha moto.

"Nikikutajia kaka yake," alisema polepole, "nitakuwa nimemshikisha moto wa dada yake, na dada mwenyewe yuko..." Akaishia hapo.

"Yuko wapi?"

"Kunywa chai."

"Southall," Generosa alisema. "Kwenye kiti kigumu. Sikio moja."

Ilichukua robo saa nyingine, na vikombe viwili. Bwana harusi wa Kampala alitoka katika familia ya watu wa dini kali. Baba yake Pushpa aliogopa. Tayari watu walikuwa wakiuliza kwenye chama cha maigizo, Lila yuko wapi, mbona mchezo mpya hayumo, na wengine walikuwa wameanza kuhesabu siku na kutaja harusi ya Pushpa. Baba akamwita katibu akamwambia, muue. Chaman aliandika tangazo jioni ileile. Malaria, taa na sumu vilikuja baadaye, watu walijitungia, kwa sababu tangazo halikusema chochote. Pushpa mwenyewe hakuoneshwa. Alikuwa ndani, anapakwa hina.

"Na kipande kilichofika kwa mumewe Kampala?"

"Niliituma mimi kwa posta. Baba alisema, mkwe akisikia maneno kwamba ameoa mwigizaji, awe na karatasi ya kuwafunga watu midomo."

Wenye mabinti mtaona jinsi jambo lilivyokwenda. Hakuna aliyemtakia mabaya. Baba alilinda harusi, katibu alimtii baba, bwana harusi akaweka bahasha kwenye droo. Na karatasi ya kumlinda msichana wa miaka ishirini na mitatu ndiyo iliyokuwa ikimtoa nyumbani kwake akiwa na themanini na tisa.

"Utasaini hayo uliyosema?" Generosa akauliza.

"Niliapa kwa baba yake."

"Baba yake hayupo."

"Kiapo kipo."

"Mwenyewe akikufungulia kiapo hicho?"

Chaman alifikiri. "Kama ni yeye."

"Hilo ndilo nami nalitaka. Mzee, hukuwa katibu tu, nadhani. Ulikuwa na kazi nyingine."

"Nilikaa shimoni chini ya jukwaa na kitabu. Mwigizaji akisahau, namkumbusha mstari."

"Kuna siku ulishindwa kumkumbusha? Usiniambie. Andika hapa, mahali na kilichotokea, halafu ikunje."

Aliandika muda mrefu, kwa Kigujarati, akakunja mara mbili. Generosa akaiweka chini ya sahani ya biskuti, akapiga simu Southall, akaweka sauti wazi.

"Bi Pushpa, nipo na Mzee Chaman."

Upande wa pili kiti kilivutwa karibu na simu. Halafu, "Yule aliyelala Tabora?"

"Sikulala," Chaman alisema. "Taa ilizimika."

"Taa ilizimika wewe umeshalala. Nilisikia unakoroma."

"Mchezo ulikuwa mrefu."

"Nimepiga magoti mbele ya mfalme, nangoja mstari wako, mpaka miguu ikafa ganzi. Mfalme naye ananitazama, hajui amsamehe nani."

"Bibi," Generosa akaingilia, "ukafanya nini?"

"Nikasema maneno ya mchezo mwingine. Wa yule mjane na mkwe wake. Nusu ukurasa mzima."

"Na watu?"

"Walipiga makofi. Tabora walikuwa watu wazuri."

Generosa alitoa karatasi chini ya sahani, akampa Chaman asome kwa sauti. Tabora. Nililala. Alikuwa amepiga magoti. Alisema maneno ya mjane. Katika neno "nililala" sauti yake ilishuka, na upande wa pili wa simu mtu alicheka.

"Sasa amekubali," Bi Pushpa alisema. "Miaka sitini na sita."

"Pushpaben, dada yangu," Chaman alisema, "lile tangazo niliandika mimi. Na Kampala niliituma mimi."

Kicheko kiliisha. "Kwa mume wangu?"

"Kabla ya harusi. Baba yako aliagiza."

"Basi alijua."

"Alijua kuna maneno. Aliamini nini, hilo mimi sijui."

"Hakuniuliza hata siku moja."

"Na wewe hukumwambia."

"Mimi niliapishwa. Yeye nani alimwapisha?" Palisikika kijiko kikigonga kikombe. "Chaman, nakufungulia. Sema yote. Na kofia hiyo vua, najua umevaa."

Mwende alifika kwa tramu na mhuri wake. Chaman alisaini kurasa tatu mbele ya binti yake, aliyekuwa ameacha mkutano wake na kukaa kwenye ngazi.

Ijumaa saa tano Dk. Magloire aliketi sebuleni Southall. Alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Mwende alimpa faili: picha za alama ya dobi, nakala ya ukurasa mzima wa gazeti na tafsiri ya Bhavna, maelezo ya Chaman yaliyosainiwa, na ile karatasi iliyokunjwa. Alisoma yote, akarudia ukurasa wa Tabora.

"Mama," alisema, "siku ile niliwaulizaka juu ya gazeti, mulinijibu hamujui."

"Sikujua. Sasa najua. Nikuambie?"

"Muniambie."

Akamwambia, kwa mpangilio, tarehe zikiwa mahali pake. Alikosea jina la mtaa mmoja, akajisahihisha. Daktari aliuliza leo ni siku gani. Ijumaa, alisema, ndiyo maana mmejaa hivi kwenye kochi langu. Dk. Magloire alitoa kalamu ya pili, akapiga mstari juu ya jambo la tatu, akaweka sahihi pembeni na saa. Halafu akasema yale mawili yaliyobaki hayatoshi kumtoa mtu nyumbani kwake, na ataandika hivyo kwa mahakama.

Rakesh alikuwa amesimama mlangoni kwa muda wote huo. Mwende alimtafsiria kwa Kiingereza, kwa ufupi. Rakesh aliketi kwenye mkono wa kochi.

"Nitaondoa maombi," alisema. Kisha akamgeukia mke wa ami yake kwa Kigujarati cha kuvunjika, na Bi Pushpa akamtafsiria Generosa kwa hiari yake: "Ananiuliza, Kaki, kwa nini hukutuambia?"

"Utamjibu nini?"

"Nitamjibu niliwaambia. Waliandika kuwa ni ugonjwa."

Akamjibu hivyohivyo.

Mwende hutaka kila ripoti iishe na ukurasa mmoja wa familia kubaki nao, mambo ya kuepuka, bila maelezo mengi. Generosa aliuandika mezani jikoni huku wengine wakitafuta viatu vyao.

Msimpe mama karatasi ya kusaini bila wakili wake kuwepo.

Msikate tangazo la gazeti. Wekeni ukurasa mzima.

Msipeleke blauzi ya kijani kwa mfua nguo.

Msiwashe jiko na kwenda kupokea simu. Hii ni kwa wote wa nyumba hii.

Msimjadili kwa Kiingereza mbele yake. Anaelewa.

Msimpigie Mzee Chaman wakati wa kriketi.

Msimwapishe binti kunyamaza juu ya kazi aliyoifanya vizuri.

Msimtangaze mtu kuwa amekufa ili aolewe.